Fedha, Mlezi na Muda: Maswali ya Watafiti Chipukizi wa Bangi na Ubongo wa Kijana

Katika toleo lililopita tulichapisha makala iliyoeleza namna ubongo unavyoendelea kukomaa hadi mtu anapokaribia umri wa miaka 25, na kwa nini bangi inayotumiwa katika rika la balehe inawatia wanasayansi wasiwasi kuliko ile inayotumiwa na mtu mzima. Tulitarajia barua za wazazi. Zilizokuja kwa wingi ni za watafiti vijana wanaotaka kuifanya mada hiyo kuwa kazi yao, lakini hawana fedha, au wanazo fedha na hawana mtu wa kuwaongoza, yaani mlezi wa kitaaluma. Tumechagua barua sita na kuzifupisha, na majina tumeyaondoa kwa sababu baadhi ya waandishi wanawazungumzia wakubwa wao wa kazi.

SWALI: Profesa, shikamoo. Ninamaliza shahada ya uzamivu katika sayansi ya neva na ningependa kuendelea na utafiti wa bangi kwa vijana. Mwalimu wangu mmoja ameniambia kwamba swali hilo limekwisha kujibiwa. Mwingine amesema halitajibiwa kamwe, kwa kuwa kila matokeo yanavutwa na siasa za wanaoitaka bangi na wanaoipinga. Je, nitafute mada nyingine?

JIBU: Marahaba. Walimu wako wanapingana, na hilo peke yake linaonyesha kwamba kazi bado ipo.

Yapo yaliyokwisha kujulikana vizuri. Kemikali ya bangi inayolevya, yaani THC, ilitenganishwa mwaka 1964 na Raphael Mechoulam na Yechiel Gaoni nchini Israeli. Mwaka 1988 watafiti wa Marekani walionyesha kwamba ubongo una vipokezi ambavyo kemikali za jamii hiyo hujishikiza kwavyo, na mwaka 1992 ikagunduliwa kemikali ya kwanza inayotengenezwa na mwili wenyewe kwa ajili ya vipokezi hivyo. Vimeenea sana katika ubongo, na wakati wa ukuaji hushiriki katika namna seli za neva zinavyounganishwa na miunganiko isiyohitajika inavyopunguzwa. Wasiwasi kuhusu vijana, kwa hiyo, una msingi katika baiolojia. Haukuzuliwa na wahubiri.

Ugumu unaanza tunapotoka maabara na kuwaendea watu. Mwaka 2012 Madeline Meier na wenzake walichapisha matokeo kutoka Dunedin, New Zealand, ambako watu 1,037 waliozaliwa mwaka 1972 na 1973 wamefuatiliwa tangu utotoni. Wale walioanza bangi wakiwa vijana na wakaendelea kuitegemea kwa miaka mingi walionekana kupoteza alama zinazokaribia 8 za IQ, yaani kipimo cha akili, kufikia umri wa miaka 38. Mwaka uliofuata, katika jarida lilelile, mwanauchumi wa Norwe Ole Rogeberg alihoji kama tofauti hiyo haikuletwa na hali ya maisha ya familia walizotoka. Mwaka 2016 yakaja matokeo ya mapacha wa Marekani, ambapo pacha aliyetumia bangi hakuonekana kushuka kuliko mwenzake asiyetumia. Kisha mwaka 2021 uchunguzi wa IMAGEN, unaofanyika katika nchi kadhaa za Ulaya, ukatoa picha za ubongo za vijana 799 ambao, walipopigwa picha ya kwanza wakiwa na miaka 14, walisema hawajawahi kutumia bangi. Miaka mitano baadaye ilionekana kwamba kadiri kijana alivyokuwa ametumia zaidi, ndivyo gamba, yaani tabaka la nje, la sehemu ya mbele ya ubongo wake lilivyokuwa limepungua unene kwa kasi kubwa zaidi, hasa katika maeneo yanayojulikana kuwa na vipokezi vingi.

Anayeyasoma haya harakaharaka huona fujo, lakini kila kundi lilijibu swali lake. IQ na unene wa gamba la ubongo ni vitu viwili, na aliyeitegemea bangi kwa miaka ishirini hawezi kuwekwa kapu moja na aliyeijaribu mara tano. Andiko la mradi linaloahidi kuonyesha "madhara ya bangi kwa ubongo wa vijana" huwachosha wasomaji wa kamati ya ruzuku kabla hawajafika ukurasa wa pili, kwa sababu limeomba kujibu maswali kumi kwa pamoja. Linganisha na kazi moja iliyochapishwa mwaka 2018: vijana wa miaka 16 hadi 25 waliokuwa wakitumia bangi mara kwa mara walilipwa ili waache kwa wiki nne, mkojo wao ukapimwa kuthibitisha, na uwezo wao wa kukumbuka ukalinganishwa na wa wenzao walioendelea kutumia. Kumbukumbu iliimarika kwa walioacha, na sehemu kubwa ya nafuu hiyo ilionekana katika wiki ya kwanza, umakini haukubadilika. Swali ni jembamba, muda ni mwezi mmoja, na jibu linamfaa daktari, mwalimu na mzazi. Usibadili mada. Punguza swali lako mpaka lienee ndani ya muda ulio nao, kisha uone kama bado lina maana.

SWALI: Nimepata mkataba wa miaka miwili baada ya uzamivu. Vijana ninaotaka kuwafuatilia wana miaka 13. Watakapofika 19, mkataba wangu utakuwa umekwisha zamani na huenda nitakuwa nimehamia kazi nyingine. Ni ruzuku gani inayofaa kwa mtu kama mimi?

JIBU: Umeligusa tatizo ambalo naliona kubwa kuliko yote katika fani hii. Ubongo wa kijana hukua kwa miaka kumi na zaidi, ilhali fedha za mtafiti chipukizi huisha kwa miaka miwili au mitatu. Hakuna ruzuku ya kuanzia itakayokuwezesha kukusanya kundi lako mwenyewe la watoto na kulifuatilia mpaka utu uzima, na ukijaribu utaishia na vijana thelathini waliopimwa mara mbili, ambao hawatoshi kukuruhusu kusema lolote kwa uhakika.

Kwa hiyo ingia katika kundi ambalo wengine wamekwisha kulijenga. Uchunguzi wa ABCD wa Marekani uliandikisha watoto wapatao 11,880 wenye miaka 9 na 10, kati ya mwaka 2016 na 2018, katika vituo 21, kwa nia ya kuwafuatilia kwa takriban miaka kumi. Umri huo ulichaguliwa kwa makusudi. Watoto walipimwa kabla wengi wao hawajaonja kileo chochote, na hivyo mtafiti anaweza kutenganisha ubongo uliokuwa tofauti tangu mwanzo na ubongo uliobadilika baada ya bangi kuingia. Data yake, ikiwa imeondolewa majina, hutolewa kwa watafiti ambao taasisi zao zimetia saini mkataba wa matumizi. Bajeti yako ya kuanzia inaweza basi kuwa mshahara, kompyuta yenye nguvu na mafunzo mazuri ya takwimu, na kwa fedha hiyo utafanya kazi ambayo mwenye mashine yake ya MRI, ya kupiga picha za ubongo, na vijana arobaini hawezi kuifanya.

Kuhusu wafadhili, masharti hubadilika na ni lazima usome tangazo la mwaka husika, lakini yapo mambo kadhaa ya kukuelekeza. Brain & Behavior Research Foundation ya Marekani huwapa watafiti vijana wa magonjwa ya akili, popote walipo duniani, hadi dola 70,000 kwa miaka 2; swali lako likigusa saikosisi (ugonjwa wa akili wa kupoteza uhalisia) au sonona kwa vijana watumiaji, hapo ni mahali pa kujaribu. Wellcome ya Uingereza ina tuzo ya watafiti chipukizi inayolipa mshahara pamoja na hadi pauni 400,000 za gharama za utafiti, kwa kawaida kwa miaka 5, na hupokea pia waombaji walio katika taasisi za nchi nyingi za kipato cha chini na cha kati. Baraza la Utafiti la Ulaya, ERC, hutoa ruzuku ya kuanzia ya hadi yuro milioni 1.5 kwa miaka 5, lakini wasomaji wake huangalia kwa makini kama unaweza kusimama bila msimamizi wako wa uzamivu, kwa hiyo usiikimbilie kabla hujawa na angalau kazi moja iliyo yako kabisa.

Tuzo ninayoipenda zaidi kwa muundo wake ni ile iitwayo K99/R00 ya NIH, mamlaka ya Marekani ya utafiti wa afya, ambamo imo NIDA, taasisi inayoshughulikia dawa za kulevya. Awamu ya kwanza ni ya hadi miaka 2 chini ya mlezi, na ya pili ni ya hadi miaka 3 ya kujitegemea mara mtafiti anapopata nafasi ya uhadhiri inayoweza kuwa ya kudumu katika chuo. Fedha ya awamu ya pili humfuata mtafiti anakokwenda; haibaki kwa mlezi. Tofauti na tuzo nyingine nyingi za NIH za kundi la K, yaani za kuwakuza watafiti, hii inaweza kuombwa na asiye raia wa Marekani, mradi awe anafanya kazi katika taasisi ya huko na awe hajapitisha miaka 4 ya mafunzo baada ya uzamivu.

Jambo la mwisho, ambalo halipendezi. Ruzuku kubwa ya NIH iitwayo R01, ambayo ndiyo humfanya mtu ahesabiwe kuwa mtafiti anayejitegemea nchini Marekani, hupatikana kwa mara ya kwanza, kwa wastani, mtu akiwa amekwisha kuvuka miaka 40. Kati ya uzamivu na umri huo watu huishi kwa ruzuku ndogondogo. Anayezipanga ili zote zijibu swali moja kwa hatua hufika na kazi inayoeleweka. Anayekimbilia kila tangazo linalotoka hufika na makala kumi zisizojuana.

SWALI: Mlezi wangu wa kitaaluma ni mtu mashuhuri. Hunisifu mbele za watu, ila kuonana naye ni kwa nadra. Niliandika andiko langu la kwanza la ruzuku kwa kutumia data ya maabara yake. Alinirudishia jina lake likiwa limewekwa kama mtafiti mkuu, akisema wafadhili hawanijui. Nikikataa, naogopa hatanipa barua ya mapendekezo. Nifanyeje?

JIBU: Sababu aliyokupa haisimami. Ruzuku za chipukizi zimeundwa kwa ajili ya watu wasiojulikana. Katika tuzo za NIH za kundi la K, mwombaji mwenyewe ndiye mtafiti mkuu. Mlezi hutajwa kama mlezi, na kamati humpima katika nafasi hiyo, ikitazama amewalea wangapi na wamefika wapi. Sifa zake unazihitaji, lakini mahali pake ni katika barua ya ulezi.

Usiende kwake na lalamiko, nenda na tangazo. Mwandikie kwa heshima kwamba umeyasoma masharti tena na kwamba yanamtaka mwombaji awe mtafiti mkuu, kisha umwombe akuandikie barua inayoeleza mambo matatu: mtakutana mara ngapi, ni sehemu gani ya data utakayoruhusiwa kuichukua ukihama, na ni swali gani ambalo maabara yake haitalifuatilia ili ubaki nalo wewe. Mlezi mwema ataona kwamba umemrahisishia kazi. Akikataa kuandika hilo la tatu, basi amekujibu, na ni heri ulijue sasa kuliko baada ya miaka mitatu, utakapokuta kwamba kila wazo ulilolizaa limekuwa mali ya mwingine.

Kuhusu barua ya mapendekezo, hofu yako ina haki, maana wapo wanaoitumia barua kama mjeledi. Kinga iliyopo ni kutomtegemea mtu mmoja. Mada hii yenyewe inakudai walezi zaidi ya mmoja, kwa sababu hakuna mtu mmoja anayeijua yote: yupo anayeijua picha ya ubongo, yupo anayezijua takwimu za makundi yanayofuatiliwa kwa miaka, na yupo daktari anayekutana na vijana wenyewe na anayejua kwamba kijana anayevuta kila siku mara nyingi ana mengine yanayomsumbua. Tafuta angalau mmoja aliye nje ya idara yenu, ambaye mkubwa wako hana mamlaka juu yake.

Na mlezi anafanya nini hasa, ukiacha kutia saini? Chukua mfano mmoja. Kijana akitikisa kichwa ndani ya mashine ya MRI, hata kwa milimita chache, picha hupata ukungu na programu ya kupimia hulisoma gamba la ubongo kuwa jembamba kuliko lilivyo. Sasa fikiria kwamba vijana wanaotumia bangi katika sampuli yako hawatulii kama wenzao. Utapata tofauti nzuri sana kitakwimu, utaandika makala, na utakachokuwa umepima ni kutotulia. Mtafiti aliyefundishwa na kitabu pekee huliona jambo hilo wahakiki wanapomrudishia kazi. Aliyelelewa hulijua mapema, kwa sababu mtu alikaa naye mbele ya kompyuta wakazipitia picha moja baada ya nyingine, akamwonyesha mistari hafifu inayojirudia pembezoni mwa fuvu, na kumwambia: hii itupe, hii ibaki, na hii andika sababu ya kuitilia shaka. Saa moja ya namna hiyo kila wiki ina thamani kuliko jina kubwa lisiloonekana ofisini.

SWALI: Andiko langu limekataliwa. Wahakiki wanasema kipimo changu cha matumizi ya bangi hakiaminiki na kwamba sijaeleza nitakavyowalinda vijana. Nilipanga kuwauliza tu kama wamewahi kutumia.

JIBU: Wahakiki wako wametenda haki. Jibu la ndiyo au hapana linamweka aliyevuta mara moja katika sherehe pamoja na anayevuta asubuhi kabla ya masomo. Njia iliyozoeleka ni kukaa na kijana na kalenda, mkarudi nyuma siku baada ya siku mkianzia na matukio anayoyakumbuka, kama vile mitihani, likizo na siku za kuzaliwa, ili aseme alitumia nini, kiasi gani na kwa njia gani. Kipimo cha mkojo husaidia kuthibitisha, lakini kumbuka kwamba kwa mtumiaji wa kila siku mabaki ya THC yanaweza kuonekana kwa wiki kadhaa baada ya kuacha, kwa hiyo hakikwambii alitumia lini. Uliza pia kuhusu tumbaku na pombe kwa undani uleule. Makala nyingi katika fani hii zimeanguka hapo.

Nguvu ya bangi nayo si ileile ya zamani. Katika bangi iliyokamatwa Marekani, kiwango cha THC kilipanda kutoka wastani wa asilimia 4 hivi mwaka 1995 hadi asilimia 12 hivi mwaka 2014, na mafuta yaliyokolezwa huzidi hapo kwa mbali. Msokoto mmoja, basi, si kipimo. Mwaka 2021 NIDA iliagiza kwamba utafiti inaoufadhili utumie kizio cha miligramu 5 za THC katika kutoa taarifa. Hata kama hufadhiliwi nao, kitumie, ili kazi yako iweze kulinganishwa na ya wengine.

Kuhusu ulinzi, kijana anayekiri kutumia kitu kilichokatazwa amekukabidhi siri inayoweza kumdhuru. Eleza katika andiko lako nani ataona majibu yake, namba za washiriki zitatenganishwaje na majina yao, na mzazi aliyetoa ridhaa ataambiwa nini na hataambiwa nini. Kijana naye aulizwe kama anakubali, hata kama ridhaa ya kisheria ni ya mzazi. Marekani utafiti wa watu unaofadhiliwa na NIH hupewa hati ya usiri, na tangu Oktoba 2017 hutolewa bila kuombwa. Hati hiyo humzuia mtafiti kutoa majina ya washiriki hata yakidaiwa na mahakama. Pasipo na hati kama hiyo, kamati ya maadili itataka kujua umepanga nini badala yake, nawe uwe na jibu kabla ya kuulizwa. Usisahau kueleza utakachofanya kijana akikuambia kwamba anasikia sauti zisizokuwepo au anafikiria kujiua. Hapo usiri una mpaka, na mpaka huo aambiwe mwanzoni.

SWALI: Kampuni inayouza bidhaa za bangi kihalali imeahidi kunilipia utafiti wangu wa vijana kwa miaka mitatu. Wanasema hawataingilia matokeo. Nikubali?

JIBU: Ningekataa. Mwaka 1954 kampuni za tumbaku za Marekani ziliunda kamati yao ya kugharimia utafiti, zikiahidi kuutafuta ukweli kuhusu uvutaji na afya, na kwa miongo kadhaa fedha hizo zilisaidia kuuchelewesha ukweli huo kwa kuyapendelea maswali yaliyoelekeza macho kwingine. Hawakuhitaji kugusa tarakimu za mtu yeyote. Ilitosha kuchagua swali lipi lilipiwe. Mtafiti mkongwe aliyekwisha kujijengea jina anaweza kuinusurika tuhuma, lakini wewe utaisoma pembeni ya kila makala yako kwa miaka ishirini.

Ikiwa huna njia nyingine kabisa, basi fedha ipitie chuo chako, mpango wa utafiti na wa uchambuzi usajiliwe hadharani kabla ya kumpima kijana wa kwanza, na mkataba useme wazi kwamba data ni yako na kwamba utachapisha hata matokeo yasiyowapendeza. Na nitaongeza jambo ambalo wengi hawapendi kulisikia: ofisi ya serikali ya kupambana na dawa za kulevya inayokugharimia ikitarajia matokeo ya kutisha inahitaji mkataba huohuo, neno kwa neno.

SWALI: Mimi ni msimamizi wa mfuko mdogo wa utafiti katika chuo. Bodi imekubali kuwasaidia watafiti chipukizi wa mada hii. Tumepanga kugawa fedha kidogo kwa watu wengi ili kila mmoja apate. Una ushauri gani?

JIBU: Mpango wenu una nia njema, lakini ukigawa fedha ya mwaka mmoja kwa watu kumi na wawili utapata maandiko kumi na mawili yaliyoanzwa. Wapeni watatu kwa miaka minne. Muda ndio hasa mnaonunua, kwa maana data ya vikundi vikubwa ipo tayari na mashine za picha zinaweza kukodiwa kwa saa, ila mtu anayejua kuzisoma picha hizo hupatikana baada ya miaka. NIH huwataka wapokeaji wengi wa tuzo zake za ulezi wawe na angalau asilimia 75 ya muda wao wa kazi kwa ajili ya utafiti na mafunzo. Bodi yenu ikimpa mhadhiri kijana ruzuku na kumwachia mzigo uleule wa kufundisha, fedha itatumika na utafiti hautafanyika, kwa hiyo sehemu ya ruzuku imlipe atakayeshika vipindi vyake.

Tengeni pia kifungu kwa ajili ya mlezi. Vyuo vingi huchukulia ulezi kama hisani inayofanywa jioni, kisha hushangaa kwa nini haufanyiki. Ukilipiwa saa zake na kuingizwa katika tathmini ya kupandishwa cheo, utaona walezi wanajitokeza, na mtaweza kumwondoa asiyefanya kazi bila kuonekana mmemvunjia heshima. Mtafiti apewe nafasi ya kubadili mlezi mara moja bila kueleza sababu kwa bodi nzima.

Katika uchaguzi, msiwape alama za ziada wanaoahidi kugundua madhara, wala wanaoahidi kuyakanusha. Mpeni alama anayeeleza ni matokeo gani yatakayomfanya aseme kwamba dhana yake haikuwa sahihi. Matokeo yasiyoonyesha tofauti yahesabiwe sawa na yanayoonyesha, kwa sababu katika mada hii makala za kutisha hupata jarida kwa urahisi, na kijana anayeogopa kunyimwa fedha ya mwaka wa tatu atajikuta anazitafuta. Ripoti ya kila mwaka iwe ya kurasa mbili: swali lilikuwa nini, limebadilika wapi, mlezi amekutana naye mara ngapi, na data imehifadhiwa mahali gani ambapo mtafiti mwingine, akiomba kwa utaratibu, ataipata.